Mzazi na Milima Yake

Kahura ni kijiji katika ufalme wa Bunyoro. Huko, mwaka 1879, msichana wa miaka ishirini hivi, mwenye mimba ya kwanza, alilazwa kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Ukanda wa kitambaa cha magome ya mti ulimbana kifuani, mwingine mapajani. Mtu mmoja alimshika vifundo vya miguu, mwingine akalituliza tumbo. Mganga alisimama kushoto kwake, kisu mkononi, akinuizia. Akanawa mikono kwa pombe ileile ya ndizi, akaosha nayo tumbo la mgonjwa, kisha akasuuza kwa maji. Akapiga ukelele mkali, watu waliojazana nje ya kibanda wakauitikia, na kisu kikapita kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini kidogo ya kitovu.

Aliyeshuhudia na kuyaandika haya ni Robert Felkin, kijana wa Kiingereza aliyefika nchi hizi na msafara wa wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) kupitia Mto Nile. Simulizi yake ilichapishwa mwaka 1884 katika jarida la madaktari wa Edinburgh. Aliona msaidizi akigusisha chuma cha moto penye mishipa iliyovuja damu. Aliona mtoto akitolewa mzima, kondo la nyuma likifuata, na mganga akiukamua mfuko wa uzazi kwa mkono mpaka ukajikaza. Mgonjwa aligeuzwa ukingoni mwa kitanda maji yote yachuruzike, ndipo kidonda kikafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, ikazungushiwa uzi wa magome. Juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, kisha bendeji. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, mama na mwana wote wazima.

Madaktari wa Edinburgh waliosoma habari hiyo walikuwa na sababu ya kushangaa. Kwao, katikati ya karne hiyo, zaidi ya wanawake wanane kati ya kumi waliopasuliwa ili mtoto atolewe walikufa. Daktari Ignaz Semmelweis alikuwa amewasihi madaktari wenzake wa Vienna tangu 1847 wanawe mikono, wakambeza. Hapa palikuwa na mtu ambaye hajapata kusikia jina la Vienna, na kunawa kwake kulikuwa sehemu ya kazi kama kisu chenyewe.

Bunyoro, katika Uganda ya leo, si Karagwe ya mkoa wa Kagera, Tanzania, ninayotaka kuizungumzia, lakini ni jirani wa damu. Kinyoro, Kinyankore, Kinyambo na Kihaya ni lugha za kundi moja, na pombe ile ya ndizi ndiyo rubisi inayonywewa hadi leo Kayanga, Nkwenda na Murongo. Hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba upasuaji kama ule ulifanywa Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe. Wapelelezi wa Uingereza, Speke na Grant, walifika hapo Novemba 1861. Speke alipima kwa utepe unene wa wanawake wa jumba la kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, na Grant alibaki miezi kadhaa akiuguza mguu. Habari za ndovu, za ufalme na za chanzo cha Nile zilijaa madaftari yao. Nani aliwazalisha wanawake wa Bweranyange ni jambo ambalo halikuwashughulisha sana.

Kinachonivutia katika Kahura ni swali ambalo Felkin hakuliuliza. Mganga yule alikuwa mmoja. Msichana aliyeshikwa na uchungu pingamizi mwendo wa siku mbili kutoka pale alifanyiwa nini? Ujuzi ulikuwapo, tena wa hali ya juu, lakini ulikaa mahali pamoja, na wanawake walikuwa kila mahali. Historia yote ya uzazi salama katika wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, nikiitazama, ni historia ya kujaribu kuupunguza umbali huo.

Na umbali wa huku si wa kupimwa kwa rula juu ya ramani. Nchi ni matuta marefu ya milima, mabonde ya mafunjo katikati yake, Mto Kagera ukiizunguka magharibi na kaskazini kama mpaka na Rwanda na Uganda. Kijiji unachokiona ng'ambo ya bonde, ukaweza hata kuhesabu migomba yake, kinaweza kuwa mwendo wa saa tatu. Mwanamke anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Jibu la kwanza la wenyeji lilikuwa mabega ya watu. Mgonjwa alilazwa katika machela ya fito na kamba, vijana wanne wakaibeba, wengine wakafuata kupokezana. Upande wa Ankole na Kigezi, ng'ambo ya mto, machela hiyo huitwa engozi, na huko watu waliunda vyama: kila kaya mwanachama, kila mwanamume ana zamu ya kubeba, asiyefika anatozwa faini. Wageni wengi waliopita waliiona machela wakadhani wameona umaskini. Walichokiona ni bima. Hospitali ya Kisiizi, kusini-magharibi mwa Uganda, ililielewa jambo hilo: ilipoanzisha mpango wake wa bima ya afya mwaka 1996, haikwenda kuandikisha mtu mmoja mmoja, ilisajili vyama vya engozi vizima vizima, kwa kuwa tayari vilikuwa na daftari la wanachama, mweka hazina na aibu ya kutolipa.

Wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, sitawakalia sana. Walijali zaidi magonjwa yaliyotishia kazi na kodi. Uzazi waliwaachia wamisionari na mabibi wakunga. Huduma ya hospitali Karagwe ikakua mikononi mwa makanisa, na Nyakahanga, hospitali ya Kilutheri nje kidogo ya Kayanga, ndiyo iliyokuja kuwa Hospitali Teule ya wilaya: mali ya dayosisi, kazi ya serikali. Kwa miaka mingi, mwanamke wa Murongo au Kaisho aliyehitaji kisu alitazama Nyakahanga. Ikishindikana, Bukoba, safari ya kushuka kupitia Kyaka. Mvua za masika zilipoharibu njia, rufaa ilikuwa karatasi tu.

Uhuru ulipofika, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1963 ilianzisha jambo ambalo naliona ni ubunifu mkubwa kuliko mashine yoyote iliyoletwa baadaye: kozi ya madaktari wasaidizi. Mganga msaidizi mwenye uzoefu wa kazi alirudishwa darasani, akafundishwa pamoja na mengine kupasua mzazi, kisha akapelekwa wilayani ambako daktari mwenye shahada hakutaka kwenda, au alikwenda akahama. Wakubwa wa taaluma waliguna. Walisema kisu si cha kila mtu. Miongo zaidi ya minne baadaye, watafiti walipekua kumbukumbu za hospitali za Mwanza na Kigoma, wakalinganisha oparesheni za wazazi zaidi ya elfu moja, nyingi kati yake zikiwa zimefanywa na madaktari wasaidizi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, hayakuonyesha tofauti ya maana kati yao na madaktari wenye shahada.

Mmoja wa watafiti hao alikuwa Dkt. Godfrey Mbaruku, na hapa inabidi tushuke kusini kidogo, hadi Kigoma, mkoa unaopakana na Kagera, kwa sababu alichokifanya huko miaka ya 1980 kinastahili kujulikana na kila anayepanga mambo ya uzazi katika Kayanga au Rubwera, makao ya wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Kigoma ya wakati ule ilikuwa mwisho wa reli kwa kila maana. Nchi ilikuwa inatoka kwenye vita ya Kagera, hazina tupu, dawa hazipatikani, petroli kwa kibali. Mbaruku alipekua kumbukumbu za hospitali ya mkoa za 1984 hadi 1986, akakuta uwiano wa vifo vya wazazi 933 kwa kila watoto hai 100,000. Angeweza kuandika barua Dar es Salaam akangoja, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikaa na wenzake wakauliza kila kifo: huyu alikufa kwa nini hasa? Majibu yalikuwa ya kuudhi kwa udogo wake. Mambo ambayo watu wa hospitali yenyewe wangeweza kuyarekebisha, mengine tangu jana.

Wakaorodhesha hatua 22. Hazikudai fedha za kigeni wala mtaalamu wa kutoka nje. Zilitumia vilivyopo: kurekebisha utendaji na uwajibikaji wa watumishi, kujiwekea malengo yanayofikika, kuivuta jamii iunge mkono hospitali yake, na kukaa mara kwa mara kutathmini kilichofanikiwa na kilichokwama. Kufikia 1991 uwiano ule ulikuwa umeshuka kutoka 933 hadi 186. Mbaruku na Msweden Staffan Bergström waliyachapisha matokeo hayo mwaka 1995. Mtu akikusomea tarakimu hizo bila kutaja Kigoma, utadhani kuna jengo jipya lililozinduliwa na waziri. Halikuwapo.

Dunia nayo ilikuwa imeanza kuamka. Februari 1987 wataalamu walikusanyika Nairobi wakatangaza kwamba wanawake wapatao nusu milioni hufa kila mwaka kwa sababu ya mimba na uzazi, na kwamba karibu wote ni wa nchi maskini. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walitoa maelezo ambayo sasa kila muuguzi mkunga Tanzania anayakariri: mzazi huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu. Kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kigoma ilikuwa imeshughulika hasa na ule wa tatu. Ule wa pili, wa milima na mabonde, ulikuwa bado unangoja mtu wake.

Kabla hajafika, Kagera ilipatwa na mambo mawili mazito. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuthibitishwa Tanzania walipatikana katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, na katika miaka iliyofuata wodi za wazazi za mkoa huu zilibeba hofu ambayo hakuna kozi iliyomwandaa mkunga kuikabili. Glavu moja ikawa jambo la kufa na kupona kwake yeye pia. Nafuu ya kwanza kubwa kwa watoto ilitoka jirani, Hospitali ya Mulago, Kampala: utafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama aliye katika uchungu, na matone kwa mtoto mchanga, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu, kutoka asilimia 25 kwa waliopewa dawa ya kulinganishia hadi 13. Dawa hiyo iliwapa wanawake wengi sababu mpya ya kujifungulia kituoni. Baadaye zilikuja tiba bora zaidi, na dozi ile moja ikastaafishwa.

La pili lilikuwa wakimbizi wa Rwanda, 1994. Ndani ya saa 24, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Karagwe nayo ikapokea wakimbizi wake, katika makambi kama Chabalisa na Kagenyi. Wanawake walijifungulia chini ya turubai, wengine kando ya njia kabla ya kufika kwenye turubai. Katika orodha za misaada ya dharura za enzi hizo, maji, chakula na chanjo ya surua vilijulikana mahali pake. Mjamzito hakuwa na mstari wake. Makambi ya Maziwa Makuu ni miongoni mwa yaliyowalazimisha watoa misaada kubadilika. Mwaka 1995 mashirika yaliunda kikundi kazi cha afya ya uzazi kwa wakimbizi, na kikatokea kifurushi cha chini kabisa kinachotakiwa kufika tangu siku za mwanzo. Ndani yake kuna kipakiti ambacho mjamzito anakabidhiwa mwenyewe: kipande cha nailoni cha kulalia, sabuni, wembe mpya, nyuzi za kufungia kitovu. Hakuna profesa atakayepata nishani kwa wembe. Wakimbizi wengi walirudishwa Rwanda Desemba 1996, makambi yakaota nyasi, ila wazo la kipakiti lilibaki na leo linazunguka dunia nzima.

Mwaka huohuo wa 1996, wilayani Iganga, mashariki mwa Uganda, palianza jaribio ambalo naamini ndilo babu wa yaliyokuja baadaye. Wakunga wa jadi walipewa redio za upepo. Mkunga akiona damu haikatiki, anaita. Kituo kinasikia, gari linatoka. Kabla ya hapo nchi zetu zilikuwa zimetumia miaka mingi kuwafundisha wakunga hao watambue dalili za hatari, bila kuwapa njia ya kumwambia yeyote walichokitambua.

Simu za mkononi zilipoenea, wengi walidhani kazi imekwisha. Zanzibar ilitoa onyo mapema, ingawa onyo hilo husomwa nusunusu. Mwaka 2009 na 2010 wajawazito 2,550 wa vituo 24 walifuatiliwa katika mradi uliowatumia baadhi yao ujumbe mfupi na kuwapa vocha ya kumpigia mkunga. Waliojifungua mbele ya mtaalamu walikuwa asilimia 60, na 47 kwa wasiopata huduma hiyo. Tarakimu nzuri, zilisambaa sana. Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa kwa wanawake wa mjini. Wa shamba ujumbe uliwafikia, usafiri haukuwafikia.

Machi 2011, mjini Washington, wafadhili wakubwa, wakiwamo USAID, serikali ya Norway, mfuko wa Gates na Benki ya Dunia, walizindua shindano la kutafuta ubunifu wa kuokoa maisha wakati wa kuzaa. Wabunifu walileta mawazo kutoka pande zote za dunia, na vifaa vingi vya werevu vikapata fedha za majaribio. Sina ugomvi na vifaa. Nasema tu kwamba mashindano ya namna hiyo hupenda kitu kinachoweza kuwekwa mezani kikapigwa picha, na hatua 22 za Kigoma hazipigiki picha. USAID yenyewe imekwisha kufungwa, mwaka 2025. Vifaa vilivyotegemea mfuko wake vinatafuta baba mwingine.

Kilichoifikia Kagera hatimaye na kukaa ni mpango wa m-mama. Ulianzia Sengerema mwaka 2013, ng'ambo ya kusini ya Ziwa Victoria, kwa ushirikiano wa Vodafone Foundation, Touch Foundation na serikali, ukapanuliwa Shinyanga mwaka 2019, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua uende nchi nzima. Namna unavyofanya kazi ni rahisi kueleza na ngumu kuendesha. Familia au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Mratibu aliyeko zamu saa 24 anauliza maswali yaliyopangwa: damu, degedege, uchungu wa muda gani. Anaamua mgonjwa aende wapi, anakitaarifu kituo kijiandae, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au bovu, anampigia dereva wa jamii, mwenye gari lake la kawaida, aliyesajiliwa na kupewa mafunzo mafupi. Dereva akimfikisha mzazi, malipo yanaingia kwenye simu yake.

Tazama vizuri, utawaona vijana wale wanne wa machela. Mfumo ni uleule: watu wa hapahapa, zamu inayojulikana, gharama ambayo haimsubiri mgonjwa auze debe la kahawa. Na kwa Karagwe hilo la kahawa si mzaha. Familia nyingi zina fedha mkononi msimu wa mavuno, na mimba hazifuati ratiba ya chama cha ushirika.

Takwimu za taifa zinatia moyo, na pia zinataka kushikwa kwa uangalifu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila watoto hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani, kwa hesabu zake za kitakwimu, liliiwekea Tanzania 238 kwa mwaka 2020. Njia za kukadiria ni tofauti, na kila moja ina upana wake wa makosa. Ninachoamini bila shaka ni kwamba wanawake wengi zaidi wanajifungulia vituoni: asilimia 63 katika utafiti wa kwanza, 81 katika wa pili. Maana yake ni kwamba ucheleweshaji wa tatu, ule wa Mbaruku, umerudi kuwa swali kuu. Mzazi amefika, je, atakuta nini?

Hapo ndipo utafiti uliotoka Mei 2023 unapoingia. Ulifanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Ubunifu wake ni karatasi ya nailoni yenye mfuko na mistari ya vipimo, inayotandikwa chini ya mzazi ili damu ionekane kwa mililita badala ya kukisiwa kwa macho. Ikivuka mstari, mkunga hangoji: anakanda mfuko wa uzazi, anatoa dawa ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kukagua chanzo, yote kwa pamoja badala ya kujaribu moja moja. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, karibu nusu ya waliovuja kupita kiasi hawakugunduliwa kwa wakati. Damu nyingi ya hatari, upasuaji wa kuizuia au kifo vilikuwa asilimia 4.3 kwao, na 1.6 kwa waliopata huduma mpya. Kukanda mfuko wa uzazi mpaka ujikaze ni kazi ambayo mganga wa Kahura aliifanya bila kuambiwa na mtu.

Tangu mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2015, kila kifo cha mzazi kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku saba, bila kumtafuta wa kulaumiwa. Ni mbinu ya Kigoma iliyogeuzwa kanuni ya nchi. Kikao hicho kikikaa Kayanga au Rubwera kinaweza kuagiza damu salama iongezwe, zamu ya usiku ya chumba cha upasuaji ipangwe upya, dawa inayohitaji baridi itafutiwe jokofu linalofanya kazi. Barabara ya Omurushaka, Nkwenda hadi Murongo, iliyosubiri lami kwa miaka mingi, haimo katika mamlaka yake. Kikao huiandika kwenye muhtasari, chini ya ucheleweshaji wa pili, na kuendelea na ajenda.